Maswali ya Wasomaji: Kufyonza Sauti Si Kuizuia

Barua kuhusu kelele na mwangwi katika madarasa, nyumba na kumbi zimekuwa nyingi, na sehemu kubwa yake ina dhana moja inayowagharimu watu fedha bure: kwamba kifaa kinachofyonza sauti ndicho pia kinachoizuia isipite. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wasomaji wengine pia.

Swali: Darasa letu lina kuta zilizopigwa lipu, sakafu ya vigae na madirisha ya kioo. Urefu wake ni mita 9, upana mita 7 na kimo mita 3, na wanafunzi ni 40. Wale wa nyuma wanasema wananisikia lakini hawapati maneno. Tuweke nini, na kwa kiasi gani? (Mwalimu wa shule ya msingi)

Mwalimu, wanafunzi wako wameeleza tatizo kwa usahihi. Sauti yako inawafikia, ila inafika ikiwa imechanganyika na mabaki ya maneno yaliyotangulia. Lipu, vigae na kioo hurudisha karibu sauti yote inayovipiga. Katika masafa ya kati ya usemi, karibu na hezi 500 (masafa ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, nayo hupimwa kwa hezi), nyuso ngumu kama lipu na vigae hufyonza asilimia 1 hadi 3 tu. Kwa hiyo sauti hugonga ukuta, ikarudi na kugonga mwingine mara nyingi kabla ya kuisha. Muda unaopita tangu chanzo kinyamaze hadi sauti ipungue kwa desibeli 60 huitwa muda wa mwangwi, nao ndio kipimo cha kwanza ambacho mtaalamu wa akustika hukitafuta.

Namna ya kuukokotoa muda huo tuliipata kwa Wallace Clement Sabine, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwaka 1895 alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi mpya wa mihadhara katika Jumba la Fogg, ambamo neno moja liliendelea kusikika kwa takriban sekunde tano na nusu. Usiku, wakati mji umetulia, yeye na wasaidizi wake walihamisha mito ya viti kutoka ukumbi jirani wa Sanders Theatre, wakaiongeza kidogo kidogo, na kila mara akapuliza bomba la ogani na kupima kwa saa muda ambao sikio liliendelea kuisikia sauti baada ya bomba kunyamaza. Kutokana na kazi hiyo iliyohitaji subira kubwa alipata kanuni ambayo bado tunaitumia: zidisha ujazo wa chumba, kwa mita za ujazo, na 0.161, kisha ugawanye kwa jumla ya ufyonzaji wa nyuso zote. Ufyonzaji wa uso ni eneo lake mara kiwango chake cha ufyonzaji, ambacho ni 0 kwa uso unaorudisha sauti yote na 1 kwa uso usiorudisha chochote. Sabine alichukua dirisha lililo wazi kuwa ndilo 1, kwa kuwa sauti inayotokea dirishani hairudi chumbani.

Sasa tulipime darasa lako. Ujazo ni mita za ujazo 189, na jumla ya nyuso ni mita za mraba 222. Tukichukua wastani wa 0.03, ufyonzaji wote haufiki mita za mraba 7, na muda wa mwangwi wa darasa tupu unakaribia sekunde 4.5. Wanafunzi wenyewe hufyonza sauti, na tukikadiria kuwa kila mmoja pamoja na nguo zake ni sawa na mita ya mraba 0.4 ya dirisha wazi, darasa likijaa muda unashuka hadi sekunde 1.3 hivi, ambao bado ni mrefu mno kwa watoto wanaojifunza maneno mapya. Kiwango cha Marekani kwa madarasa yenye ujazo usiozidi mita za ujazo 283 kinataka muda usiopita sekunde 0.6 chumba kikiwa na samani lakini bila watu. Ili kufika hapo unahitaji ufyonzaji wa mita za mraba 51, na kwa hiyo kama 44 zaidi ya ulizo nazo. Kwa kutumia kifaa chenye kiwango cha 0.8, ambacho kinafunika uso uliokuwa tayari ukifyonza 0.03 na hivyo kuongeza 0.77 tu, hiyo ni mita za mraba 57 za kifaa, karibu sawa na dari nzima. Nimeonyesha hesabu hii yote kwa sababu watu wengi hubandika vipande viwili vitatu ukutani, wasisikie tofauti, kisha wakahitimisha kwamba vifaa hivi ni ulaghai.

Kuhusu kifaa chenyewe, unachokitafuta ni kitu chenye vitundu vilivyounganika, ambamo hewa inaweza kusogea. Wimbi la sauti likiingia humo, hewa husuguana na nyuzi nyembamba na nishati ya sauti hugeuka kuwa joto, kidogo sana kiasi kwamba mkono hauwezi kulihisi. Vigae vya dari vya sufi ya mawe au sufi ya kioo, yaani nyuzi laini zinazotengenezwa kwa mawe au kioo kilichoyeyushwa, hufanya kazi hiyo vizuri. Mbao za nyuzi za miti zilizoshikamanishwa kwa saruji hufyonza kidogo zaidi ya nusu, na zaidi zikiwekewa sufi nyuma, lakini huvumilia mipira na vishindo vya watoto, na kwa darasa mimi ningezipendelea pale mkono unapofika. Zulia jembamba lisikushawishi: hufyonza masafa ya juu tu na huacha mengine yalivyo.

Usiziweke mita zote 57 darini. Acha sehemu ya katikati ya dari, iliyo mbele na juu ya wanafunzi, iwe ngumu ili isaidie kupeleka sauti yako nyuma. Funika kingo za dari, kisha zinazobaki uzipeleke kwenye ukuta wa nyuma na sehemu za juu za kuta za pembeni. Kanuni ya Sabine inachukulia kwamba sauti imesambaa sawasawa chumbani, na chumba chenye dari laini na kuta nne tupu hakitimizi sharti hilo, kwa kuwa sauti huendelea kurukaruka baina ya kuta zinazotazamana huku karatasi ikionyesha kuwa kila kitu kimekwisha kutengemaa.

Swali: Nilibandika sponji ya akustika kwenye ukuta wote unaotutenganisha na jirani. Televisheni yake naisikia vilevile. Nilinunua aina mbaya? (Msomaji mwenye jirani)

Aina haikuwa mbaya; kazi uliyoipa siyo yake. Jaribu kupuliza hewa kwa mdomo kupitia kipande cha sponji hiyo: ikipita upande wa pili, na sauti hupita. Vitundu vile vile vinavyoiwezesha kufyonza mwangwi ndani ya chumba chako ndivyo vinavyoifanya isifae kuzuia sauti inayotoka kwingine. Kilichobadilika ni chumba chako, ambacho sasa kina mwangwi mdogo, na kwa kuwa kimetulia, yamkini televisheni ya jirani inajitokeza zaidi kuliko awali. Hata faida ya ndani ina kikomo chake: ukiongeza ufyonzaji wa chumba mara mbili, kiwango cha kelele iliyomo hupungua kwa desibeli 3 tu.

Kinachozuia sauti kupita ni uzito, kuziba nyufa, na kutenganisha. Ukuta ukiongezwa uzito mara mbili huzuia desibeli 5 hadi 6 zaidi, jambo linalomaanisha kwamba kuongeza lipu nyembamba juu ya ukuta mnene hakusaidii sana. Nyufa ndizo zinazosahaulika. Mlango wenye upana wa sentimita 80 na kimo cha mita 2, ukiachwa na uwazi wa sentimita 2 chini, umepoteza asilimia 1 ya eneo lake, na uwazi huo peke yake hauruhusu mlango kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata ukitengenezwa kwa chuma kinene kiasi gani. Kagua basi soketi za umeme zinazotazamana pande mbili za ukuta, matundu ya mabomba, na mahali ukuta unapokutana na dari, kabla ya kununua chochote.

Mahali ambapo kifaa cha kufyonza husaidia katika kuzuia ni ndani ya ukuta wenye tabaka mbili. Ukijenga mbele ya ukuta huo fremu isiyougusa, ukaijaza sufi ya mawe kisha ukaifunga kwa tabaka mbili za bodi za jipsamu na kuziba kingo zote, sufi hupunguza mvumo wa hewa iliyonaswa katikati na ukuta mzima huzuia vizuri zaidi. Hapo sufi ni msaidizi, na bodi ndizo zinazobeba kazi kubwa.

Swali: Je, trei za mayai zinafaa?

Hazifai. Karatasi yake ni nyembamba, na umbo lake la vilima na mabonde hutawanya kidogo masafa ya juu bila kugusa masafa yanayosumbua. Kwa kuzuia sauti hazina uzito wa maana, na zinashika moto upesi.

Swali: Ninarekodi sauti nyumbani katika chumba cha mita 3 kwa 3. Nimefunika kuta kwa sponji yenye unene wa sentimita 2.5. Sasa sauti ya mwimbaji imekuwa butu, na ya gitaa la besi inavuma kuliko mwanzo. Nikaze wapi? (Mpiga ala)

Umefanya kile ambacho sponji nyembamba hukifanya siku zote: umeondoa masafa ya juu na kuacha ya chini yakiwa huru, kisha sikio linalinganisha na kuona besi imezidi. Sababu iko katika urefu wa wimbi. Sauti husafiri kwa mita 343 kwa sekunde katika joto la nyuzi 20, kwa hiyo wimbi la hezi 1,000 lina urefu wa sentimita 34, na la hezi 100 lina mita 3.43. Ukutani penyewe hewa haina pa kusogea. Husogea kwa kasi zaidi kwa umbali wa robo ya wimbi kutoka ukutani, na msuguano unapatikana palipo na mwendo. Robo ya wimbi la hezi 1,000 ni sentimita 8.6, na ya hezi 100 ni sentimita 86. Sponji yako ya sentimita 2.5 iliyobandikwa ukutani iko mahali ambapo hewa ya masafa ya chini imetulia kabisa.

Dawa ya kwanza ni unene na nafasi. Paneli ya sufi ya mawe ya sentimita 10, ikiachiwa nafasi ya hewa ya sentimita 10 nyuma yake, huanza kufanya kazi ya maana karibu na hezi 200, na ile nafasi ya hewa haikugharimu kitu isipokuwa eneo la chumba. Ningeondoa zaidi ya nusu ya sponji iliyoko ukutani, nikaweka paneli chache nene mahali sauti inapogonga mara ya kwanza baina ya spika na sikio, na nikajaza kona za chumba kuanzia sakafuni hadi darini, kwa kuwa mikandamizo ya masafa ya chini hukusanyika konani. Usidhani pia kwamba kadiri sufi inavyoshindiliwa ndivyo inavyofyonza zaidi. Ikizidi kubana, wimbi hurudishwa usoni kabla ya kuingia, na katika paneli nene sana sufi nyepesi huishinda nzito.

Chumba chako kina kasoro nyingine ambayo hakuna kifaa cha kuifuta kabisa: urefu na upana vimelingana. Nusu ya wimbi la hezi 57 inaingia barabara kati ya kuta za mita 3, na kwa kuwa pande zote mbili ziko sawa, noti hiyo moja huimarishwa mara mbili. Kwa masafa kama hayo paneli za nyuzi haziwezi kuwa nene vya kutosha, na hapo tunatumia vifaa vinavyotetemeka. Kimoja ni sanduku lisilo na kina kirefu, lililofungwa mbele kwa plaiwudi nyembamba. Masafa linalofyonza hukadiriwa kwa kugawanya 60 kwa kipeuo cha pili cha uzito wa ubao, kwa kilo kwa mita ya mraba, ukizidishwa na kina cha hewa kwa mita. Plaiwudi ya milimita 6 yenye kilo 3.6 kwa mita ya mraba, juu ya kina cha sentimita 10, inakupa hezi 100. Ukitaka hezi 57 kwa plaiwudi hiyo hiyo unahitaji kina cha sentimita 31 hivi, au ubao mzito zaidi. Weka sufi ndani, ila isiuguse ubao, na sanduku lizibwe pasipitishe hewa.

Kingine ni chombo chenye shingo na tumbo, ambacho hewa ya shingoni hupanda na kushuka juu ya hewa ya tumboni, na ambacho hujulikana kwa jina la mwanafizikia wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz. Vyombo vya namna hiyo vina historia ndefu: Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale, aliandika habari za vyombo vya shaba katika kumbi za maigizo za kale, na vyungu vimepatikana vimejengewa ndani ya kuta za makanisa ya zama za kati. Kila chombo hushughulikia ukanda mwembamba wa masafa, hivyo kipime chumba kwanza kabla ya kukiunda, vinginevyo utaondoa noti ambayo haikuwa na kosa.

Swali: Karatasi ya bidhaa moja inasema kiwango cha ufyonzaji ni 1.10. Kinawezaje kupita 1? (Mwanafunzi wa usanifu majengo)

Hakuna anayekudanganya. Vipimo hufanywa katika chumba chenye kuta ngumu sana, kwa utaratibu wa kimataifa uitwao ISO 354, ambao unataka kipande cha mita za mraba 10 hadi 12. Muda wa mwangwi hupimwa bila kipande na kikiwepo, tofauti yake hugeuzwa kuwa ufyonzaji, kisha hugawanywa kwa eneo la kipande. Kipande kina kingo, na sauti hupinda kuelekea kwenye kingo hizo, kwa hiyo hufyonza zaidi ya kile kinachoangukia usoni pake. Katika hesabu za jengo lako, tumia 1 kuwa kikomo.

Jihadhari zaidi na mambo mawili ambayo karatasi hizo huyataja kwa herufi ndogo. La kwanza ni namna ya kufunga: kigae cha dari kilichopimwa kikining'inia milimita 400 chini ya zege hakitatoa matokeo hayo hayo ukikibandika moja kwa moja kwenye zege, na hasara itakuwa masafa ya chini. La pili ni wastani. Ile namba moja inayoitwa NRC ni wastani wa hezi 250, 500, 1,000 na 2,000, uliokadiriwa hadi 0.05 iliyo karibu, na haisemi lolote kuhusu hezi 125. Vifaa viwili vyenye 0.80 vinaweza kutofautiana sana palepale kwenye tatizo lako. Dai jedwali zima la masafa, na muuzaji asiye nalo umwache.

Swali: Nyumba yetu ya ibada ni ndefu, ina dari ya juu, na maneno ya kiongozi hupotea, lakini kwaya inaipenda ilivyo. Kamati haitaki kuona paneli za vitambaa. Kuna njia? (Mjumbe wa kamati ya ujenzi)

Mgongano mlio nao ni wa kweli, na anayewaahidi kuumaliza kwa bidhaa moja msimwamini. Usemi hutaka muda wa karibu sekunde moja au pungufu, na uimbaji wa pamoja hupendeza kwa sekunde mbili hivi. Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900 kwa ushauri wa Sabine huyo huyo, ina takriban sekunde 1.9 ikiwa imejaa watu, na ni miongoni mwa kumbi za muziki zinazosifiwa sana duniani.

Anzeni na ukuta wa nyuma. Sauti inayorudi ikiwa imechelewa kwa milisekunde 50 au zaidi, yaani imesafiri mita 17 zaidi ya ile ya moja kwa moja, huanza kusikika kama neno la pili, na katika jumba refu hiyo hutoka nyuma na kuwarudia walio mbele. Kuufyonza ukuta huo mmoja huyasafisha maneno huku muda wa mwangwi kwa jumla ukipungua kidogo tu, na kwaya haitanung'unika. Jambo la pili ni mabenchi: mito ya kitambaa kinachopitisha hewa hulifanya jumba lenye watu wachache likaribie kusikika kama lililojaa, na hilo huwaondolea mafundi mitambo kazi ya kurekebisha spika kila siku. Panapohitajika zaidi ya hapo, spika zinazoelekeza sauti kwa watu badala ya kuirusha darini zina faida kuliko kuongeza sufi.

Kuhusu mwonekano, mbao zenye matundu na sufi nyuma yake zinafaa sana. Matundu yakichukua asilimia 20 ya uso, ubao huwa kama haupo na sufi hufanya kazi yake karibu yote. Yakiwa machache sana, ubao hugeuka kuwa safu ya vyombo vya Helmholtz na kufyonza ukanda mmoja tu wa masafa. Mtaalamu wa China, Dah-You Maa, alieleza mwaka 1975 namna bamba lenye matundu madogo kuliko milimita moja linavyoweza kufyonza lenyewe bila sufi, kwa kuwa hewa husuguana ndani ya matundu. Ukumbi wa bunge la Ujerumani, ambalo wakati huo lilikuwa mjini Bonn, ulioanza kutumika mwaka 1992 ukiwa wa mviringo na kuta za kioo, ulipata matatizo makubwa ya sauti, na mabamba angavu ya aina hiyo yakatumika kuutengeneza bila kuuondolea mwanga wake.

Swali: Je, vifaa hivi ni salama? (Mzazi)

Vingine ni salama, vingine vimeua. Tarehe 20 Februari 2003, fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya poliurethani iliyobandikwa ukutani katika ukumbi wa burudani wa The Station, Rhode Island, Marekani, na watu 100 walikufa. Tarehe 27 Januari 2013, katika ukumbi wa Kiss mjini Santa Maria, Brazil, mambo kama hayo yaliua watu 242, wengi wao kwa moshi wenye sumu. Sponji ya magodoro au ya kufungashia mizigo haifai kabisa kubandikwa katika chumba wanamokusanyika watu, na maneno "sponji ya akustika" kwenye mfuko hayathibitishi kitu. Dai cheti cha kipimo cha moto kwa bidhaa ile ile na kwa unene ule ule, pamoja na kitambaa na gundi yake.

Sufi ya mawe na sufi ya kioo zenyewe haziwaki, na ndiyo sababu nimezitaja kila mahali. Zinawasha ngozi na koo wakati wa kukata, kwa hiyo fundi avae glavu, miwani na barakoa, na baada ya kufungwa zifunikwe kwa kitambaa au utando mwembamba ili nyuzi zisitoke. Katika jengo la zamani, dari iliyopuliziwa tabaka laini lenye nyuzi inaweza kuwa na asbesto. Isikwanguliwe wala isitobolewe kabla ya sampuli kupimwa na wenye ujuzi.

Swali: Vigae vyetu vya dari vimefifia. Tuvipake rangi? (Mtunza jengo)

Rangi ya kawaida kwa brashi au rola huziba vitundu, na kigae cha 0.8 kinaweza kurudi karibu na lipu bila mtu yeyote kugundua sababu. Viondoleeni vumbi kwa brashi laini ya mashine ya kunyonya. Ikibidi kupaka, tafuteni rangi ambayo mtengenezaji wa vigae hivyo ameikubali, ipuliziwe nyepesi, na kigae kimoja kijaribiwe kwanza kwa kupuliza hewa kupitia kwacho baada ya rangi kukauka.